Nikipiga Yowe, Nani Atakuja?

Vijana wa Machochwe wanaokuja kuniomba ushauri wa kuhama huja tayari na jina la mji. Mmoja atasema Dodoma, mwingine Dar es Salaam, na siku hizi wapo wanaosema Muscat. Nikiwauliza wamelifikiaje jina hilo, wengi hunitajia mtu: kaka yuko huko, rafiki ametuma picha, mjomba amesema kazi zipo. Silaumu, maana mimi mwenyewe nilifika Mwanza kwa njia hiyohiyo. Lakini mji wangu wa pili, Tanga, niliuchagua kwa kukaa chini na kuupima, tena niliuchagua kwa sababu haukufanana na chochote nilichokijua. Nimeishi humo muda wa kutosha kuwa na neno la kuwaambia. Kadiri mji unavyotofautiana na ulikotoka, ndivyo unavyotakiwa kuupima kwa maswali ya zamani, yale ambayo wazee wetu waliuliza walipokwenda kutafuta ardhi.

Maswali hayo nilirithishwa na bibi yangu, mama yake baba. Yeye alizaliwa kwenye milima ya Tarime, penye migomba na kahawa, ambako shamba la familia liligawanywa kwa wana wa kiume, kizazi baada ya kizazi, hadi kila mmoja akabaki na kipande. Babu akaamua kushuka kusini na kuvuka Mto Mara, atafute mahali pa kulima kwa nafasi na kulisha ng'ombe. Familia nyingi za Kikurya zilifanya safari ya namna hiyo. Walikotoka palikuwa na baridi, mvua ya uhakika na majirani wa ukoo mmoja. Walikokwenda palikuwa na jua kali, miiba, nyasi ndefu na wanyama wa porini.

Machochwe nilikozaliwa mimi ilikuwa tayari kijiji chenye shule na mashamba ya mahindi, mtama, ulezi na mihogo. Iko Wilaya ya Serengeti, upande ambao mashamba yanakaribia mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951. Nyumbu wanaozunguka katika nyika ile wanapita milioni moja, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuwatazama. Sisi mnyama tuliyemwaza zaidi alikuwa tembo. Mahindi yakianza kukomaa, wanaume walilala kwenye dungu shambani wakiwa na tochi na madebe ya kupiga, maana kundi moja la tembo likiingia usiku, chakula cha mwaka mzima kimekwenda kabla ya alfajiri. Watoto tulizijua sauti za usiku kabla ya kuzijua herufi.

Babu alipomwambia bibi kwamba wanahama, bibi alikataa kufunga mzigo mpaka apelekwe kwanza akaone. Alikuwa na hoja yake: mwanamume atashinda malishoni na kwenye vikao vya ritongo, baraza la Kikurya, lakini mwanamke ndiye atakayeishi pale mchana kutwa. Alikwenda, akalala kwa watu, akarudi, ndipo akakubali. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nachambua naye ulezi, alinieleza alichokwenda kutafuta.

"Mjukuu wangu, babu yako aliuliza ardhi ina ukubwa gani. Mimi niliuliza mambo manne. Kiangazi kikikaza, maji mnachota wapi? Kazi ninayoijua itanilisha hapa, au nitaanza kujifunza upya? Nani walitutangulia mahali hapa, nao wanataka waheshimiwe vipi? Halafu la mwisho: nikipiga yowe usiku, nani atakuja?"

Swali la mwisho linahitaji maelezo kwa asiyekulia kwetu. Yowe ni mlio wa kuomba msaada, na kwetu mkoani Mara lilikuwa na sheria zake. Mwizi wa mifugo akiingia, au moto ukiwaka, au mtoto akipotea, anayegundua hupaza sauti, na kila anayesikia anapaswa kutoka na kukimbilia kule inakotoka, naye akiipokeza kwa walio mbele. Miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, silaha zilizagaa mikononi mwa watu na wizi wa ng'ombe ukawa wa bunduki. Hapakuwa na simu, na kituo cha polisi kilikuwa mbali. Yowe ndilo lililokuwa ngome. Boma lisilo na wa kuitikia yowe lilikuwa limekwisha kupoteza ng'ombe wake kabla mwizi hajafika. Na asiyetoka yowe la mwenzake likisikika, kikao kilimwita na kumtoza faini, na zaidi ya faini, watu walilikumbuka jambo hilo siku yake ilipofika.

Nilipokwenda Mwanza sikuuliza hata swali moja kati ya hayo, kwa kuwa sikuchagua. Dada yangu alikuwa ametangulia, nikamfuata. Nilijifunza ushonaji kwake, nikapata cherehani yangu, kisha nikapanga fremu ndogo nikashona sare za shule na magauni ya vitenge. Mwanza ilinilea vizuri. Lakini ukiangalia kwa makini, nilikuwa nimehama wilaya bila kuhama maisha. Mtaani kwetu Wakurya walikuwa wengi kiasi kwamba jioni nilisikia Kikurya zaidi kuliko Kiswahili. Tulikula ugali wa mihogo na mtama, dagaa na nyama, kama nyumbani. Hata maji ya Ziwa Victoria ni ndugu zetu, kwa kuwa Mto Mara unaopita kwetu ndio unaomwaga humo. Nilizeeka kidogo kila mwaka nikiwa na maarifa yaleyale.

Watoto walipoanza kujitegemea, na mwenye fremu akataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, nilijua wakati wa kuamua umefika. Mbele yangu palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa Musoma, karibu na nyumbani, mji wa ziwa ninaoufahamu mpaka vichochoro vyake. Ya pili ilikuwa Dar es Salaam, anakokwenda kila mtu. Ya tatu iliingia kwa sababu ya baba yangu mdogo, aliyekuwa mwanajeshi. Wakurya tumekuwa tukiingia jeshini tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na jeshi limewafikisha watu wetu kila pembe ya nchi. Baba mdogo alikaa Tanga kwa muda. Akija likizo alituletea nazi, nasi watoto tuliigonga kwa mawe bila kujua inafunguliwaje. Alipenda kutuambia kwamba huko watu huongea taratibu na mtu hagombani barabarani. Kwa mtoto wa Machochwe ilikuwa kama hadithi ya nchi ya nje.

Ndugu walinishauri kwa uchungu. Mmoja alisema Tanga kuna majini. Mwingine alisema mji ule umelala tangu mkonge uporomoke, nitashona nini na nimuuzie nani? Dada yangu aliuliza swali la maana kuliko yote: "Huko una nani?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalokwenda kuliangalia. Nikafunga begi dogo nikaenda kama bibi alivyokwenda Machochwe, kuona kwanza.

Nilichagua mwezi wa Februari kwa makusudi. Swali la kwanza la bibi lilihusu kiangazi, na kila mahali pana kiangazi chake, yaani msimu ambao uzuri wa mahali hujificha. Pwani ya Tanga msimu huo ni kaskazi, joto likipita nyuzi 30, hewa imebeba maji, na jasho halikauki hata usiku. Nilianzia nyumbani Machochwe, nikapanda basi la Musoma kwenda Arusha linalokatiza Hifadhi ya Serengeti, ambamo abiria hulipa ada ya kupita humo. Tukapanda Ngorongoro penye ukungu, tukashuka Karatu. Kutoka Arusha nikashika njia ya Moshi, nikapita chini ya milima ya Upare na Usambara hadi Segera, barabara inapoachana na ile ya Dar es Salaam, kisha Muheza yenye machungwa yaliyopangwa kando ya barabara, na mwisho bahari. Nilikuwa nimetoka kwenye nyika iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita elfu moja, nikashuka hadi sifuri.

Usiku wa kwanza sikulala. Mwili haukujua la kufanya na hewa ile. Lakini kulipopambazuka niliwatazama wenyeji wanafanyaje, nikaona kwamba mji mzima umejipanga kwa ajili ya joto. Kazi nzito hufanywa asubuhi na mapema. Mchana watu hutafuta kivuli cha mwembe au cha baraza. Alasiri upepo wa bahari ukivuma, mitaa hufufuka. Wageni husema watu wa pwani ni wavivu. Mimi nilijua, kwa kuwa nimekulia mahali ambapo ratiba hupangwa na tembo, kwamba mtu mwenye akili hupanga siku yake kwa kufuata kitu chenye nguvu kuliko yeye. Nikasema, kiangazi hiki nitakiweza.

Swali la pili lilikuwa la kazi. Nilitembea Ngamiani, kwenye barabara zile zinazoitwa kwa namba, nikikaa karibu na mafundi cherehani kwa muda mrefu kadiri walivyoniruhusu. Mikono yangu ilizoea gauni la kubana, lenye bitana, zipu mgongoni na mkanda kiunoni. Tanga waliagiza madera, mabaibui, kanzu, na nguo za watoto wa madrasa. Ni nguo pana, zilizokatwa ili hewa ipite kati ya kitambaa na mwili. Mtu anaweza kudhani nguo pana ni rahisi kushona. Si kweli. Nguo ya kubana inashikiliwa na mwili, lakini dera linashikiliwa na bega tu, na bega likikaa vibaya nguo nzima inaanguka upande. Na kanzu ina darizi shingoni na kifuani, kazi ya uzi mwembamba inayotaka macho na subira.

Nilimwomba mzee mmoja fundi wa kanzu anipokee. Aliniuliza kazi niliyotoka nayo, akashika gauni nililovaa, akageuza pindo akaangalia mshono kwa ndani. Kisha akasema, "Mwanangu, unajua kazi. Sasa ujifunze kutokuwa na haraka." Alinianzisha kwa pindo na vifungo, kazi wanayopewa wanagenzi, nami nilikuwa mtu mzima mwenye watoto waliomaliza shule. Sikuona aibu. Bibi alilima kahawa na migomba Tarime, alipofika Machochwe akajifunza kulima mtama kwenye ardhi inayopasuka kwa jua, na hakuna aliyemwona amepungua. Mji tofauti utakuambia wazi ni sehemu gani ya ujuzi wako inasafiri na ni ipi inabaki stendi. Kwangu jicho la kipimo lilisafiri, na uaminifu wa kutimiza ahadi ya siku ya kuchukua nguo ulisafiri. Mitindo ilibaki.

Swali la tatu, la waliotutangulia, ndilo lililonifanya niipende Tanga. Nilipoanza kuuliza wenyeji wa mji ni nani, niligundua kwamba kila familia ina hadithi ya kufika. Wapo Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa, wenye nchi hii na milima ya jirani. Lakini juu yao limejengwa tabaka baada ya tabaka la wageni. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893. Mwaka huohuo mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na kati ya miche elfu moja ni 62 tu iliyosalia hai. Kutokana na miche hiyo michache lilizaliwa zao lililoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu.

Mikono ya kukata mkonge haikutoka Tanga peke yake. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, kutoka Nyanda za Juu Kusini, kutoka Ruanda na Urundi, na Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Walikaa kambini kwenye mashamba, wakafanya kazi ngumu kwa ujira mdogo. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, wengine wakabaki. Wajukuu wao leo ni watu wa Tanga, wanashangilia timu ya Coastal Union au African Sports kwenye uwanja wa Mkwakwani, na Kiswahili chao ni cha pwani. Bei ya mkonge iliporomoka kamba za nailoni zilipojaa sokoni, mashamba mengi yakadorora, lakini mji haukuwafukuza waliokuja kwa ajili yake. Siku hizi inakuja tena hadithi ya namna hiyo: bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, kando ya jiji, nalo limeleta sura mpya mitaani. Mji uliowahi kupokea wageni namna hii unajua jinsi ya kupokea. Una adabu zake za kumkaribisha mtu na za kumrekebisha.

Nilipohamia, nami nilirekebishwa. Sauti yangu ilikuwa ya Machochwe, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Katika vyumba vya Tanga vinavyotazamana uani, kila nilichosema kilisikika kama ugomvi, na sifa ya ukali wa Wakurya ilikuwa imenitangulia. Bi mwenye nyumba aliniita barazani, akanimiminia chai, akazungumza mambo mengi ya kawaida, na mwishoni kabisa akasema kwamba watoto wa chumba cha pili wanadhani mama yule mgeni ana hasira nao. Sijawahi kuonywa kwa heshima kama ile. Nilianza kuteremsha sauti. Nilijifunza kwamba salamu si mlango wa kupita haraka ili ufike kwenye shida yako. Unamwamkia mkubwa shikamoo, unauliza ameamkaje, watoto je, mgonjwa wake je, na shida yako, kama ipo, itafika kwa miguu yake. Nilijifunza kula mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi. Nilijifunza kupanda baiskeli, kwa kuwa Tanga ni tambarare na baiskeli ni ya kila mtu, hata mama mwenye baibui. Mwezi wa Ramadhani, mimi nikiwa Mkristo, niliacha kula mbele za watu mchana, na jioni sahani ya futari ililetwa mlangoni kwangu.

Si kila kitu kilinitaka nibadilike. Mkurya bila maziwa hajisikii yuko nyumbani, na nilidhani pwani nitayakosa. Nikakuta wafugaji wa Tanga wamejiunga katika vyama vya ushirika na wana hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh, na mtindi wake unauzwa kila duka. Nilipotembelea mfugaji mmoja nje kidogo ya mji, nilikuta ng'ombe wake wanakaa bandani, majani wanakatiwa na kuletewa. Kwetu ng'ombe huzifuata nyasi, hapa nyasi humfuata ng'ombe. Nilikaa pale bandani nikivuta harufu ya samadi na kusikiliza ng'ombe wakicheua, na moyo wangu ukatulia. Katika mji wowote tafuta kitu kimoja cha kwenu, kiwe kidogo tu, kisha mengine yaache yawe ya huko.

Swali la nne halijibiwi kwa safari ya kuona kwanza. Bibi alilijua hilo. Alisema alipofika Machochwe hakusubiri kupiga yowe ili ajue nani atakuja. Lilipolia yowe la kwanza la mtu mwingine, alitoka yeye na babu, usiku, bila kumjua aliyelipiga. "Yowe unalolikimbilia," aliniambia, "ndilo linalokuandikia jina kijijini."

Usiku mmoja hapa Tanga nilisikia mwanamke akilia chumba cha jirani. Hakupiga yowe kama letu. Alilia tu, akiita jina la mtoto. Miguu yangu ilikuwa mlangoni kabla sijafikiri. Mtoto alikuwa na homa kali, amekakamaa kwa degedege. Nikamlaza ubavu, nikamvua nguo nzito, mwingine akatafuta bajaji, tukamkimbiza Hospitali ya Bombo, mama yake akiwa amenishika mkono njia nzima. Mtoto alipona. Sikufanya jambo la ajabu, kwa kuwa kwetu ndivyo mtu anavyolelewa. Lakini kuanzia siku ile mtaa haukuniita tena mama mgeni.

Kisha ukafika mwaka ambao simu ililia alfajiri, ikaniambia mama yangu amefariki Machochwe. Nakumbuka nilikaa chini sakafuni. Sikupiga yowe. Sijui nani alisikia nini kupitia ukuta, lakini jua lilipotoka jamvi lilikuwa limetandikwa uani, wanawake wamekaa nami, Waislamu na Wakristo, na bakuli la rambirambi limeshazungushwa mtaa mzima. Mzee wangu fundi wa kanzu alifunga duka. Na yule mama wa mtoto wa degedege, ambaye hakuwahi kufika hata Arusha, alifunga kanga mbili kwenye begi akasema, "Huendi peke yako, dada."

Tulisafiri pamoja njia ile ndefu, Segera, Moshi, Arusha, Ngorongoro, tukakatiza hifadhi. Alikaa nasi msibani hadi mazishi yalipokwisha. Alipika na wanawake wetu kwenye mafiga, akala ugali wa mtama, akalala chini pamoja nao. Usiku wanaume walipokimbia shambani kwa sababu ya tembo, alinishika mkono kama alivyonishika siku ya Bombo. Wazee walimwangalia, kisha mmoja akaniuliza kwa Kikurya huyu ni mtu wa ukoo gani. Nikajibu: huyu ni wa Tanga, ndiye aliyekuja. Hakuuliza zaidi. Kwa watu wa yowe, jibu hilo linatosha.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba hakuna hasara. Ipo, na nailipa. Wajukuu wangu wanaokulia pwani wanakielewa Kikurya kidogo tu, na siku nisipokuwepo watakisikia kwa bahati. Naukosa usiku wa baridi na anga ya Machochwe isiyo na taa. Nikisikia litungu, ala yetu ya nyuzi, redioni, ninaacha cherehani. Zipo harusi na misiba ya nyumbani ambayo sikufika, kwa umbali na kwa nauli, na watu wana haki ya kuzikumbuka. Anayechagua mahali tofauti kabisa anachagua pia kuwa mbali siku fulani ambayo alitakiwa kuwa karibu. Afadhali alijue hilo akiwa bado nyumbani, amelikubali kwa akili timamu, kuliko kulifahamu akiwa njiani.

Lakini nimepata kitu ambacho nisingekipata Musoma wala Mwanza. Nimejua ni yapi kati ya mambo yangu yalikuwa ya mahali na ni yapi yalikuwa yangu. Sauti kubwa ilikuwa ya bonde la Machochwe, nikaweza kuiteremsha bila kupungukiwa. Ugali ulikuwa wa mahali, haraka ilikuwa ya mahali, hata hofu yangu ya watu nisiowajua ilikuwa ya miaka ile ya bunduki. Kutoka mbio mtu anapolia ni jambo langu mwenyewe, nitakwenda nalo popote. Mtu anayekaa siku zote kati ya watu wanaofanana naye hana namna ya kutenganisha mambo haya mawili, na anaweza kupigania mazoea akidhani anapigania utu wake.

Kwa hiyo kijana wa Machochwe, wa Nyansurura au wa Mugumu, mwenye jina la mji mdomoni, sikukatazi. Babu na bibi zetu walihama, wanajeshi wetu walihama, na wewe una haki hiyo. Nakuomba ufanye kazi ya kuchagua. Nenda uuone mji huo katika msimu wake mbaya, uulize maji na hewa vikoje wakati huo. Kaa karibu na watu wanaofanya kazi unayoijua, uwaombe uguse kazi yao, na ukubali kuanzia kwenye pindo. Uliza nani walifika pale kabla yako, mji uliwapokeaje, na wanapenda waamkiwe vipi. Ukitaka kujua nani atakuja siku yako, usilisubiri jibu. Chagua mtaa wenye watu ambao uko tayari kuwatokea usiku, hata kama kabila lao, dini yao na chakula chao si vyako, kisha uwatokee. Ukijiona hauko tayari kumtokea mtu yeyote katika mji huo, usiende, hata kama mshahara ni mkubwa. Ukiona uko tayari, lipa kodi ya chumba, agana vizuri na wazee, upande basi.